Profesa wa Makoo ya Samaki

Watu wengi hapa Bujumbura waliomjua Profesa watakwambia alikuwa mtu mkubwa. Mimi nimefanya naye kazi maabara miaka mingi, nimefua makoti yake, nimepanga vioo vyake vya hadubini, nimemsikia akikohoa kabla hajafika mlangoni, na ninasema alikuwa mtu mdogo mwenye koti refu. Sitaanza na mahali alipozaliwa wala baba yake alikuwa nani, maana mwenyewe aliyasema hayo mara nyingi vya kutosha. Nitaanza na koti.

Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na kifuani fundi mmoja wa Buyenzi alikuwa ameshona neno Professeur kwa uzi wa buluu. Sisi wengine tulivaa makoti ili maabara isituchafue. Yeye alipoingia alilivua, akalitundika kwenye msumari mbali na matangi, akafanya kazi na shati. Akitoka kwenda mjini ndipo alipolivaa. Alikwenda nalo benki, alikwenda nalo harusini, alikwenda nalo kula brosheti, ile mishikaki yetu. Siku moja alipita mtaani kwetu Buyenzi, mchinjaji mmoja mwenye haraka akamdaka njiani, akimdhani mwenzake wa buchani: "Kaka, leo uko na maini?" Wiki nzima Profesa hakusema na mtu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kazi yake ilikuwa samaki wenye uvimbe wa koo. Niieleze mimi, kwa sababu yeye akieleza watu walitoka wanajua kidogo kuliko walivyoingia. Sisi binadamu tuna tezi shingoni, ile madaktari waiitayo thairoidi, na samaki naye anayo. Profesa alichukua vifaranga vya tilapia, akavilowesha saa chache katika maji yenye kemikali inayoharibu jeni, akavisuuza, akavirudisha tangini vikue. Samaki wengine, katika tangi tuliloliita tangi safi, hawakuguswa na kemikali hata kidogo. Hao walikuwa wa kulinganishia. Kisha ilikuwa ni kungoja uvimbe utokee, kuukata, na kutafuta ndani yake jeni moja tu. Jeni hiyo kila kiumbe anayo, na kazi yake ni kuiambia seli igawanyike halafu itulie. Herufi moja ndani yake ikibadilika, amri inabaki wazi kama bomba lililovunjika koki, seli zinagawanyika bila kukoma, na huo ndio mwanzo wa saratani. Profesa alitaka kuiona herufi hiyo iliyobadilika katika koo la samaki wa Burundi. Ni kazi nzuri. Sijawahi kuidharau kazi, nilimdharau mwenye kazi.

Misemo yake tuliijua kwa moyo. "Mi sibishane na watu, mi nabishana na tishu." Alimwambia hivyo dereva aliyepotea njia, alimwambia mkewe kwenye simu, alimwambia mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mwanafunzi akisema samaki anaumwa, alimkatiza: "Samaki haiumwe. Samaki inaonyesha." Kisha alitutazama mmoja mmoja aone nani ameandika. Kulikuwa na binti mmoja aliyeandika kweli, neno kwa neno, na huyo ndiye aliyepata alama nzuri kuliko wenzake wote.

Aliyewalisha samaki wale alikuwa Papa Neema. Alitoka Uvira zamani, akajenga Ruziba karibu na ziwa, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amefuga samaki kwenye mabwawa ujana wake wote. Mtu mpole, Mkristo wa kufunga na kuomba, ambaye alingoja nimalize kuswali Adhuhuri ndipo awashe pampu ya pili, kwa sababu ilikuwa na kelele. Profesa hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "monsieur wa maji". Papa Neema akimwamkia kwa Kifaransa, Profesa alimrekebisha kitenzi kwanza, ndipo akaitikia salamu. Nililiona hilo kila asubuhi ya kazi, na kila asubuhi Papa Neema alisema asante.

Wakati mafuta yalipokuwa shida mjini na magari yanashinda kwenye foleni za vituo, sisi tulikuwa na kidumu kimoja cha mazutu, yaani dizeli, kwa ajili ya jenereta. Umeme ukikatika pampu za hewa zinazima, na samaki waliosongamana tangini wanakosa pumzi. Mchana mmoja ukakatika. Tukakimbilia kidumu, tukakikuta kikavu. Profesa alikuwa ameyatia mazutu kwenye gari lake, akaenda Gitega kufungua semina juu ya kutunza vizuri wanyama wa maabara. Papa Neema akachukua kopo, akawa anachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa, tangi hili, tangi lile, kisha anarudi kwenye la kwanza. Mkono ukimchoka nampokea mimi. Tulifanya hivyo mpaka jioni umeme uliporudi. Kesho yake Profesa akakagua, hakukuta samaki aliyekufa, akapiga mikono pamoja: "Voilà! Samaki yangu iko na nguvu."

Nisimdhulumu lakini. Alikuwa na mkono. Tishu ya koo hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba sana kwa mashine yenye wembe, na vipande vyangu vya kwanza vilikuwa vinene, vinajikunja kama maganda ya kitunguu. Profesa alisimama nyuma yangu miezi mitatu akigonga meza kwa rula kila nilipokosea, hanitukani, hanisifu. Siku nilipopata kipande kilichojitandaza sawasawa juu ya maji ya vuguvugu, alikipeleka kwenye hadubini, akakitazama muda mrefu, akasema "Bon", akaenda zake. Kila ninachokijua kwa mikono hii nimekipata kwake, na hilo linaniudhi hadi leo.

Na mama yangu alipofariki, alikuja msibani bila koti. Alikaa mkekani na wanaume siku zote tatu, akala kwa mkono katika sinia moja na mafundi magari wa mtaani, akainamisha kichwa dua ilipokuwa inasomwa. Hakutaja samaki hata mara moja. Ningependa kusema alikuja kujionyesha, ila hakukuwa na aliyekuwa anamwangalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chakula cha samaki kilikuwa kikitoka nje kwenye mifuko, na ulifika wakati mifuko ikakatika. Profesa hakushtuka. "Samaki ya Burundi ikule chakula ya Burundi," akasema, akaamuru wapewe sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, tena mabichi, pamoja na mabaki ya kabichi ya sokoni. Papa Neema akauliza kama sombe isiyopikwa haina sumu. Profesa akamwuliza yeye alisoma chuo gani. Basi matangi yote yakala sombe, ya kemikali na lile tangi safi pia.

Miezi ikapita, makoo yakaanza kuvimba. Profesa alitununulia fanta wote, akapiga picha samaki mmoja kutoka pande zote kama bibi harusi. Wiki chache baadaye samaki wa tangi safi nao wakavimba. Hao ndio hawakuguswa na kemikali! Mtu yeyote ambaye bibi yake alitoka milimani anajua kwamba koo huvimba bila saratani. Ni rovu. Linatokana na kukosa iodini mwilini, na muhogo usiotayarishwa vizuri huizuia hata iodini kidogo iliyopo isiingie kwenye tezi. Ndiyo maana chumvi ya dukani hutiwa iodini. Kwa samaki ni rahisi zaidi kukosea, kwa kuwa tezi yake haikai katika kifuko kimoja kama yetu. Imetawanyika punje punje chini ya koo, na ikivimba inapenya katikati ya misuli, hivyo chini ya hadubini unaiona kama saratani iliyovamia. Asiyejua anaweza kudanganyika. Profesa alikuwa anajua, kwani aliyenifundisha hayo yote ni yeye.

Papa Neema hakuwa ameyasoma popote. Aliona samaki wa tangi safi wanajikwaruza ukutani na kutoka magamba, akafanya wanachofanya wafugaji wa kule Ruziba: akatia konzi ya chumvi ya jikoni ndani ya maji, na baada ya siku mbili konzi nyingine, akaendelea hivyo. Alikuwa anatibu vidonda tu. Siku moja akaniita huku ameshika samaki kiganjani.

"Mama Rashidi, kuya uone. Hizi mi nazikamataka na mukono kila siku. Shingo imeshuka."

Nikapapasa. Koo lilikuwa limeshuka kweli. Nikapapasa wengine watano, wote vilevile.

"Kansere inaogopaka chumvi?" akaniuliza.

"Apana, Papa Neema. Kansere haiogope kitu."

"Basi hii si kansere. Iko na njaa ya chumvi tu."

Akaenda kumwambia Profesa, anatembea upesi, mikono inadondosha maji, na uso wa mtu anayepeleka zawadi. Niliisikia sauti ya Profesa kutoka chumba cha pili. Hakupiga kelele. Alimwuliza kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi ni nani aliyempa ruhusa ya kutia kitu chochote katika maji ya utafiti, akamwambia aende nyumbani angoje barua.

Siku hizohizo majibu ya jeni yalikuwa yamerudi kutoka nje, maana sisi hatuna mashine ya kusoma herufi zile. Wachache kati ya samaki waliopitishwa kwenye kemikali walikuwa na herufi iliyobadilika. Wengi wao hawakuwa nayo, na katika tangi safi hakuwa nayo hata mmoja. Kwa mtu mkweli hiyo ilikuwa habari nzuri. Saratani ipo, ni kidogo, imezungukwa na rovu, basi waandike hivyo, wabadilishe chakula, waanze upya. Lakini Profesa alikuwa amekwisha kusimama mbele ya wageni na kusema kwamba kila uvimbe ule ni saratani. Kwake kurudi nyuma hatua moja mbele ya watu kulikuwa kugumu kuliko kumfukuza mtu kazi.

Ikatengenezwa ripoti. Ilisema kwamba mtunza matangi alitumia wavu mmoja katika matangi yote, kwa hiyo akaihamisha kemikali hadi tangi safi, na alipoona makosa yake akatia vitu visivyojulikana majini ili kuyaficha. Kemikali ile hufa ndani ya maji baada ya muda mfupi. Isingeweza kupanda wavu miezi mingi baadaye ikatembea kutoka tangi hadi tangi. Profesa alilijua hilo, nami nililijua. Ripoti ilihitaji shahidi. Akaniletea mezani nikiwa na kipande cha nta kwenye mashine.

"Sinye hapa, Madame."

"Profesa, mi sikuona akitumia wavu moja."

"Uliona wavu?"

"Niliona."

"Uliona matangi?"

"Niliona."

"Basi uliona."

Nikasaini. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na mwanangu Rashidi ndiyo kwanza anaingia sekondari. Kila mtu angesaini. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Kila tangi lilikuwa na wavu wake, na kila wavu ulikuwa na uzi wa rangi yake kwenye mpini, nyekundu, kijani, njano, na aliyezifunga nyuzi hizo ni Papa Neema kwa mikono yake, mimi nikimshikia mkasi.

Hakuonyeshwa ripoti. Barua ya kumwachisha kazi ilisema tu kwamba kuna shahidi wa maabara. Alikuja kuniaga, ameikunja barua mara nne.

"Mama Rashidi, huyu shahidi ni nani?"

"Sijui, Papa Neema."

"Mungu amusamehe. Pengine alinichanganya na mutu mwingine."

Mwisho wa wiki ile Profesa akaamuru tangi safi litolewe maji. Nilidhani samaki watafukiwa shimoni, maana kwa ripoti yake walikuwa na kemikali ya saratani mwilini. Akaja na sanduku la barafu. "Toa magamba muzuri, Madame, kesho niko na wageni." Nikawaparua, nikawatoa matumbo, nikawasafisha. Aliwapeleka nyumbani, wakakaangwa, wakala yeye na wageni wake, na Jumatatu akaniambia walikuwa watamu. Hapo nikajua kwamba hakuwahi kuamini hata neno moja la karatasi ile niliyoisaini. Nimesikia watu wakisema dharau huja polepole. Yangu ilikuja siku moja, nimeshika kisu na magamba yamenipanda mpaka viwikoni.

Makala ikatoka katika jarida la nje. Jina lake lilikuwa la kwanza na langu la mwisho, kwa maandishi yaleyale. Akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya meza yake, na kila mgeni alisimamishwa pale kama mbele ya picha ya marehemu. Katika semina alikuwa akiulizwa swali juu ya samaki wa kulinganishia, anajibu kwa huzuni kwamba nchi zetu zina tatizo la wafanyakazi wa chini. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, ninabadilisha picha kwenye kompyuta, na kila alipofika hapo nilimchukia vizuri zaidi. Alipostaafu aliniandikia barua ya sifa, na leo mkuu wa maabara ni mimi. Nimekalia kiti chake. Nilichobadilisha ni mto tu.

Papa Neema hakupata tena kazi ya samaki. Kila alipokwenda waliuliza alitoka wapi, wakapiga simu, wakasikia habari ya mtu aliyeharibu utafiti. Alikwenda kubeba magunia kwenye maghala ya Zone Industrielle, na mgongo wake si wa magunia. Hakunikatia salamu. Sikukuu ya Idi alinitumia ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na ujumbe wa kunitakia heri, na mimi Krismasi nilimtumia mchele. Mwaka huu akaja ofisini, ameshika kofia.

"Kuko bwana moja kule Ruziba, ana mabwawa makubwa, ananitaka. Lakini anaomba attestation, barua ya kule nilifanyaka kazi. Kwamba sikuharibu kitu. Atangoja mupaka mwisho ya mwezi."

"Ni Profesa ndiye anaweza kuandika hiyo."

"Mi sitaweza kusimama mbele yake, Mama Rashidi. Atanirekebisha Kifaransa, nitasahau kile kilinileta." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mugongo haiwezi tena. We umuendee. We anakuheshimu."

Nikamwambia nitakwenda. Nilipanda Gihosha, mlimani anakoishi Profesa, Jumamosi asubuhi na hasira yangu yote, nimeipanga neno kwa neno tangu nilipotoka nyumbani. Mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoiandaa mwenyewe, laini laini: kwamba fulani alifanya kazi kwa bidii na aliondoka kwa sababu za kikazi. Haikutaja ripoti wala wavu. Nilijua atakataa, na nilikuwa nimejitayarisha kumwambia, nikiwa ndani ya nyumba yake, yeye ni mtu wa namna gani.

Alinifungulia lango mwenyewe. Mkewe alikuwa amekwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua ughaibuni. Alivaa sweta juani na kandambili miguuni, amekonda, na barazani kulikuwa na ungo wa maharage aliokuwa akichambua. Alinipa kiti kizuri, akakaa yeye kwenye kibao. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, kidole kinafuata mistari, na nilingoja anirekebishe Kifaransa.

"Hii imeandikwa na mutu mwenye uoga," akasema.

Akaiweka karatasi chini, akavuta ungo.

"Ni mi nilisema bapewe sombe. Ule bwana aliuliza kama iko na sumu."

"Aliuliza."

"Nilitia chumvi mi mwenyewe, Madame, kwa tangi ingine, kiisha kumufukuza. Shingo zikashuka siku kumi na kitu." Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Nikatupa ile samaki, nikasafisha tangi, nikaenda kufundisha."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumlazimisha akiri, naye akakiri kabla sijatoa hata moja. Nilimchukia hata kwa hilo. Akaingia ndani, akatoka na karatasi nyeupe na kalamu ya wino.

"Jina lake ni nani? Yote."

Nikamtajia. Akaliandika kwa herufi kubwa nzuri. Kisha akaandika bila kusimama, akinisomea kila sentensi kwa Kifaransa. Kwamba uvimbe wa tangi safi ulikuwa rovu, uliotokana na chakula alichokiamuru yeye. Kwamba mtunza matangi ndiye aliyeugundua ukweli huo kabla ya mtu yeyote. Kwamba hakuwahi kutumia wavu mmoja katika matangi mawili. Kwamba ripoti ilikuwa ya uongo, imeandikwa naye, na imesainiwa na shahidi ambaye hakuona alichokishuhudia. Akaweka tarehe, akasaini, na chini yake akachora mstari mwingine mtupu, akaandika pembeni jina langu.

"Na makala, Profesa?" nikauliza.

"Nitabaandikia jarida. Batafuta jina yangu. Na yako. Ni sawa." Akanigeuzia karatasi, akaninyooshea kalamu. "Sasa we."

Nilifikiria ofisi yangu. Nilifikiria ule mto juu ya kiti, vijana wanaosimama nikiingia, Rashidi anayewaambia wenzake chuoni mama yake ni mkuu wa maabara. Kalamu ilikuwa hapo katikati yetu.

"Nimesahau miwani nyumbani, Profesa."

Akanitazama. "Iko kwa macho yako, Madame."

Ilikuwa hapo, na nilikuwa naona nayo kila kitu, mpaka mabaka ya wino kwenye kidole chake. Nikasema basi nitaisoma kwanza nimetulia, halafu nitaisaini na kuipeleka mwenyewe. Hakunikemea. Ningeshukuru angenikemea. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akanipa kwa mikono miwili, akarudi kwenye maharage yake. Nilishuka mlima wa Gihosha kwa miguu, nikipita watu, na sikumbuki hata uso mmoja.

Jumatatu bahasha ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, na droo imefungwa. Siku ya mwisho ya mwezi Papa Neema alinipigia saa ya mapumziko. Nyuma yake nilisikia magunia yakitupwa na mtu akihesabu kwa sauti.

"Mama Rashidi, ule muzee alisema nini?"

Ufunguo wa droo ulikuwa mkononi mwangu.

"Unamujua, Papa Neema. Ni mutu mugumu. Amekataa."

Nikasikia gunia jingine likitupwa.

"Si kitu," akasema. "Asante sana, Mama. Mbele ya batu bote, ni we peke yako ulinisimamia."